Jiwe la Kutu na Ndoto ya Nikeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mjiolojia, na watu huniletea mawe. Wengine huyafunga kwenye kitambaa kama mayai, wengine hutuma picha ya jiwe lililolowanishwa ili ling'ae. Mengi ni kwatzi au chuma cha kawaida. Mara moja moja, hasa kutoka Lindi, Ruvuma na Kagera, hutokea jiwe zito lenye kutu nje na manjano ya shaba ndani, na hapo maswali huanza. Haya ndiyo yanayorudi mara nyingi. Mfano nitakaouchukua zaidi ni Mlima Ntaka wa Nachingwea, kwa sababu hadithi yake inafundisha kuliko ya migodi mikubwa.

Nimeona nikeli na shaba kwenye mlima wetu. Je, tuna mgodi?

Mna dalili. Dalili ni mahali ambapo madini yameonekana, hata kama ni upana wa meza. Mashapo ni pale ambapo mtu amepima urefu, upana, kina na kiwango cha madini, akaweza kusema kuna tani kadhaa. Mgodi ni mashapo ambayo hesabu yake ya fedha imekubali. Dalili nyingi hubaki dalili. Si kwamba kuna njama. Maumbile ndivyo yalivyo, hutawanya kidogo kidogo na hukusanya kwa nadra.

Kwa nini nikeli na shaba hukaa pamoja?

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nitachukua nafasi.

Chini ya ganda la dunia kuna mwamba wenye magnesi nyingi na nikeli kidogo. Ukiyeyuka, uji wake wa moto, yaani magma, hupanda kupitia nyufa ukiwa na joto la nyuzi 1,200 hivi. Nikeli na shaba zimo, lakini zimetawanyika kama chumvi kwenye sufuria ya supu. Zikibaki hivyo hazimsaidii mtu.

Kinachobadilisha mambo ni salfa. Magma ikipita katikati ya miamba ya tope la kale lenye salfa, huila sehemu yake, na salfa ikizidi kiasi ambacho uji unaweza kubeba, hujitenga. Aliyewahi kupika tui la nazi kwa moto mkali anajua kilichotokea: tui limekatika. Mafuta hujitenga na maji. Ndani ya magma kinachojitenga ni matone ya salfidi, yaani salfa iliyoungana na metali, na matone hayo huvuta nikeli, shaba, kobalti na platinamu kutoka kwenye uji wote uliobaki. Tofauti na mafuta ya tui, salfidi ni nzito, hivyo haielei. Huzama na kujikusanya kwenye sakafu, kwenye mashimo na pale njia ya magma inapopanuka.

Halafu hupoa. Kinachoganda mapema ni salfidi ya chuma iliyobeba nikeli nyingi. Shaba huchelewa. Kwa hiyo uji wa mwisho wenye shaba hukimbilia kwenye nyufa za mwamba wa pembeni na kuganda huko. Ndiyo sababu wakati mwingine unakuta mshipa mwembamba wa shaba, unauchimba, unaisha, kumbe nikeli yenyewe ipo mita kadhaa upande mwingine. Shaba ile ilikuwa mtoto aliyetangulia kutoka mlangoni.

Ntaka ni wapi, na pana nini?

Ni mlima katika Wilaya ya Nachingwea, Mkoa wa Lindi. Wazee wa huko wakisikia neno mradi wanakumbuka mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951, ukaacha bandari ya Mtwara na reli ambayo baadaye iling'olewa. Nikeli ilikuja kuwa mradi wa pili wa kuwapa watu matumaini.

Mwamba wa Ntaka ni mweusi, mzito, wa jamii ya pairoksinaiti, na ndani yake kuna pirotaiti (salfidi ya chuma), pentilandaiti (iliyobeba nikeli) na kalkopairiti (iliyobeba shaba). Upo ndani ya ukanda wa miamba uliobanwa vibaya sana miaka milioni 600 hivi iliyopita, vipande vya mabara vilipogongana. Kubanwa huko kuna athari moja ambayo watafutaji huilaani: salfidi hulainika mapema kuliko mwamba unaoizunguka, hivyo huminywa kama dawa ya meno na kuhamia kwenye mikunjo. Usitegemee kuikuta palepale ilipozaliwa.

Kiwango chake cha wastani ni asilimia 0.6 hivi ya nikeli, na shaba kidogo zaidi ya asilimia 0.1, ingawa kuna vipande vyenye utajiri zaidi. Linganisha na mashapo ya Kabanga kule Ngara, Kagera: takriban asilimia 2 ya nikeli na 0.27 ya shaba.

Jiwe langu lina kutu na madoa ya kijani. Ni dalili nzuri?

Inategemea kutu yenyewe. Salfidi ikikutana na mvua na hewa kwa maelfu ya miaka, huoza. Salfa huondoka, chuma hubaki, na juu hutokea mwamba wa kutu wenye vishimo vidogo kama sega la nyuki lililokauka. Wataalamu huuita gosani. Hivyo vishimo ndivyo vya kutazama. Kutu laini isiyo na vishimo mara nyingi ni lateraiti tu, ile ile tunayoweka barabarani.

Kijani ni mwongo mwenye kipaji. Shaba kidogo sana hupaka rangi eneo kubwa, na watu hupiga picha ile rangi. Nikeli nayo hutoa kijani, lakini kilichopauka kama tufaha bichi. Kwa macho hutazitenganisha, na mimi pia siwezi kila mara.

Naweza kujipimia nyumbani?

Kidogo. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye uzi, isogeze kwenye sehemu iliyovunjwa upya. Pirotaiti ina rangi ya shaba iliyofifia na huvuta sumaku. Kalkopairiti ni njano kama dhahabu ya bandia na haivuti. Pentilandaiti haivuti pia, na imejificha ndani ya pirotaiti kwa chembe ndogo hata jicho zuri hulipita. Kwa hiyo sumaku itakuambia kama salfidi ya aina inayotakiwa ipo. Haitakuambia kama ina nikeli. Kwa hilo kuna bunduki ya eksirei ya mkononi, kifaa kinachosoma metali zilizomo kwenye jiwe, au maabara.

Maabara imeandika nikeli asilimia 0.25. Nimeshatajirika?

Hapana, na swali hili limevunja mioyo mingi kuliko mengine yote hapa.

Miamba meusi yenye madini ya olivini huwa na nikeli ya gramu 2 hadi 3 katika kila kilo bila sababu yoyote ya kusherehekea. Ndivyo ilivyozaliwa. Nikeli hiyo imefungwa ndani ya chembe za mwamba wenyewe, na mtambo wa kawaida, unaoelesha unga wa salfidi kwa povu, hauwezi kuitoa. Unaweza kuwa na mlima mzima wa asilimia 0.25 na usiuze hata ndoo moja.

Tazama namba nyingine mbili kwenye karatasi ile ile. Kama kromu ni nyingi sana na shaba karibu haipo, huo ni mwamba wa kawaida wa jamii hiyo. Kama shaba na salfa zimepanda pamoja na nikeli, hapo kaa chini tuzungumze. Shaba, hata ikiwa haba, ndiyo shahidi kwamba tui lilikatika. Nimewahi kumwona kijana aliyelipa mganga, kisha dalali, kisha maabara, kwa jiwe ambalo safu ya shaba kwenye majibu yake ilisoma karibu na sifuri. Angeanza na maabara angebaki na nauli.

Wataalamu huanzaje kutafuta?

Huanza mezani. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, iliyopo Dodoma, ina ramani na kumbukumbu za kazi za tangu enzi za ukoloni. Dalili ndogo nyingi zilishaonwa na mtu aliyepita kwa miguu zamani, akaandika mstari mmoja pembeni ya ramani. Kusoma mstari ule ni bei rahisi kuliko kutembea.

Baada ya hapo ni udongo na mchanga wa vijito. Unachukua sampuli kwa mistari iliyonyooka, umbali sawa kati ya moja na nyingine, unapima nikeli, shaba na kromu, kisha unachora. Mahali shaba na nikeli zinapopanda pamoja hupata alama. Pia hupita vipimo vya usumaku, kwa miguu au kwa ndege, kwa kuwa miamba hii meusi huonekana wazi dhidi ya matale (graniti) yanayoizunguka.

Kipimo kinachopendwa zaidi ni cha umeme. Helikopta hubeba kitanzi kikubwa kinachopeleka mawimbi ardhini. Salfidi iliyoshikana hupitisha umeme vizuri, hivyo hujibu. Ukipata jibu kali mahali palepale penye mwamba mweusi na udongo wenye shaba, mtu wa fedha huanza kupokea simu zako.

Kwa nini unasema vipimo vya umeme hudanganya?

Kwa sababu ya kinywe, yaani grafaiti, madini meusi ya kutengenezea penseli. Kinywe hupitisha umeme vizuri kama salfidi, na kusini mashariki mwa Tanzania kimejaa. Kwenye chati, mshipa wa kinywe na mshipa wa nikeli ni mapacha. Unachoronga, yaani unatoboa mwamba kwa mashine, kwa fedha nyingi, unatoa mwamba unaopaka mikono nyeusi kama wino wa penseli.

Ila bahati ina ucheshi wake. Kampuni iliyokuwa ikitafuta nikeli Nachingwea, IMX Resources ya Australia, ilifuatilia majibu ya umeme ya aina hiyo upande wa Ruangwa ikakuta kinywe kizuri cha Chilalo. Wakati nikeli ikiyumba sokoni, kinywe kikawa mradi unaojitegemea na kupewa kampuni yake mwaka 2016.

Wamechoronga wakapata mita 10 za nikeli. Mita 10 ni nyingi?

Uliza pembe kwanza. Mashine ya kuchoronga hutoa mwamba kwa vipande virefu vya duara, vya kipenyo kinachotumika sana cha milimita 48 hivi, vikapangwa kwenye masanduku. Mita 10 zilizotajwa ni urefu wa kipande kile. Kama tundu limeukata mshipa kwa pembe ya nyuzi 30, unene wa kweli ni mita 5. Kama limeteremka karibu sambamba na mshipa, mita 10 zinaweza kuwa mshipa wa kiganja.

Pili, uliza kama wastani umebebwa na kipande kimoja. Sentimita 50 za asilimia 8 zikichanganywa na mita 9 na nusu za takataka zinaweza kuandikwa "mita 10 za asilimia 0.4" bila mtu kusema uongo wowote.

Tatu, tundu moja ni nukta moja. Watu wa Kabanga wamechoronga mamia ya kilomita tangu nikeli ile igunduliwe katikati ya miaka ya 1970 kwa mradi wa Umoja wa Mataifa. Walipita wawekezaji kadhaa wakubwa, na mkataba wa kuunda kampuni ya Tembo Nickel, ambamo serikali ina hisa 16 kwa mia, ulitiwa saini Januari 2021.

Dalili ndogo inahitaji kuwa kubwa kiasi gani ili ilipe?

Tufanye hesabu ya kubuni, kwa penseli. Mshipa una urefu wa mita 100, unene wa mita 2, kina cha mita 50. Ni mita za ujazo 10,000. Salfidi ni nzito, tuseme tani 4 kwa kila mita ya ujazo: tani 40,000 za mbale, yaani mwamba wenye madini. Kiwango ni asilimia 1.5, hivyo nikeli yote ni tani 600. Mtambo hautoi yote. Ukitoa robo tatu una tani 450. Kwa bei ya dola 15,000 kwa tani, ni dola milioni 6.75, na mnunuzi wa makinikia (unga wa madini uliokwisha kutengwa na mwamba) hakulipi bei kamili, kwa sababu yeye ndiye atakayeyeyusha.

Sasa jenga barabara, vuta umeme, jenga mtambo, chimba bwawa la mabaki, lipa mrabaha. Imeisha kabla ya kuanza. Na huo ulikuwa mshipa mnono. Dalili ndogo hulipa katika hali mbili: ikiwa karibu na mtambo wa mwingine aliye tayari kununua mbale, au ikiwa ni ncha ya kitu kikubwa kilichozikwa. Watafutaji hulipia uwezekano huo wa pili.

Bei nayo ni ya kutoaminika. Machi 2022 nikeli ilipita dola 100,000 kwa tani kwenye soko la metali la London, hadi soko likasimamisha biashara. Aliyepanga mgodi kwa bei ya siku ile alilia baadaye.

Mchimbaji mdogo anaweza kuifanya kama dhahabu?

Hawezi, na afadhali aambiwe mapema. Dhahabu unaiponda, unaiosha, unaikamata. Zebaki haikamati nikeli, na karai halitenganishi pentilandaiti na pirotaiti. Inahitajika kusagwa hadi unga, kueleshwa kwenye matangi yenye dawa, kisha tanuri au kemikali za shinikizo. Shaba pekee ni tofauti kidogo. Mbale ya kijani yenye kiwango kikubwa inaweza kuchambuliwa kwa mkono na kuuzwa, kama wachimbaji wa Mbesa, Tunduru, wanavyojua. Lakini shaba ya dalili za nikeli huwa haba mno kwa hilo.

Shaba ya Kolwezi, kule Katanga, Kongo, ni ya aina hii?

Siyo. Shaba ya Katanga iliwekwa na maji ya chumvi yaliyopita ndani ya matabaka ya miamba ya tope na mchanga ulioganda, na mwenzake mkubwa ni kobalti, si nikeli. Ndugu zetu wa Lubumbashi wakiona jiwe la kijani wana haki ya kufurahi haraka kuliko sisi.

Na nikeli ya Musongati, Burundi, au Dutwa kule Bariadi?

Huko nikeli imekusanywa na mvua. Mwamba mweusi umeoza kwa muda mrefu mno, nikeli ikashuka na kujikusanya kwenye udongo. Mbinu za kuitafuta ni nyepesi, za kuitoa ni ngumu na ghali. Musongati na Kabanga ni wa ukanda mmoja wa miamba yenye umri wa karibu miaka bilioni 1.4, ila hali ya hewa iliwatendea tofauti.

Leseni ya utafutaji hudumu muda gani? Na ilikuwaje Ntaka?

Leseni ya utafutaji hutolewa na Tume ya Madini kwa miaka 4 ya mwanzo, huongezwa 3, kisha 2. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya miaka 7 na ni ya Watanzania pekee.

Zamani kulikuwa na leseni ya kuhodhi eneo, kwa aliyepata mashapo ambayo bei ya wakati ule haikuruhusu kuyachimba. Ntaka ilikuwa nayo. Mabadiliko ya sheria ya 2017 na kanuni za Januari 2018 yakafuta leseni za aina hiyo nchini. Wenye Ntaka, wakiongozwa na IMX ambayo ilikuwa imebadili jina kuwa Indiana Resources, walikwenda kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, ICSID. Julai 2023 baraza likaamua walipwe zaidi ya dola milioni 109, na mwaka 2024 pande mbili zikakubaliana dola milioni 90.

Mtu anaweza kuwa upande wowote katika hilo. Serikali ilikuwa na sababu ya kuchoka na maeneo yanayokaliwa kama kiti cha basi kilichowekewa leso. Ninachokiona mimi kama mjiolojia ni kwamba mlima ule haujatoa hata gari moja la makinikia, na tayari umezungusha fedha nyingi kuliko migodi midogo mingi.

Wana leseni. Wanaweza kuingia shambani kwangu bila kuniuliza?

Madini ni mali ya umma, ardhi ya juu ina mwenyewe. Mwenye leseni anapaswa kupata ridhaa ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi karibu na nyumba au kwenye mazao, na kufidia anachoharibu. Muulize akuonyeshe leseni, nenda naye ofisi ya kijiji, na mazao yahesabiwe kabla ya mti wa kwanza kukatwa. Baada ya hapo mikorosho huwa inapungua umri kwenye makaratasi, na fidia pamoja nayo.

Kuna hatari gani kuishi karibu na mashimo ya utafutaji?

Salfidi iliyofukuliwa na kuachwa kwenye mvua hutengeneza asidi. Ukiona maji ya rangi ya chai au chungwa yakitoka kwenye lundo la mawe, mifugo isinywe. Usichome jiwe lenye salfidi jikoni "kuona kama litayeyuka". Moshi wake unakaba koo na mapafu. Na miamba meusi iliyogeuka sapentinaiti huweza kuwa na nyuzi nyeupe za asbesto. Nyuzi zikionekana, lowanisha, usipasue.

Sawa, jiwe langu nilipeleke wapi, na vipi?

Maabara ya GST Dodoma, au maabara nyingine yenye ithibati. Chukua kilo 2 hivi za mwamba uliovunjwa upya kutoka pale mwamba wenyewe ulipo, si jiwe lililookotwa mtoni. Usichague vipande vinavyong'aa peke yake. Andika majira ya nukta (namba za GPS za mahali hapo) kutoka kwenye simu yako, tarehe, na kama mwamba umeshikana na mlima au umeporomoka. Baki na nusu nyumbani kwenye mfuko wenye namba ile ile. Omba wapime nikeli, shaba, kobalti, kromu na salfa kwa pamoja. Ukiomba nikeli peke yake, utarudi kwangu na ile karatasi ya asilimia 0.25.